Kitambaa Kilichoelekea Njia

Niliwahi kuwa mkaguzi. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anamcheka nani, maana katika habari hii wa kuchekwa ni wengi na mimi ndiye wa mbele.

Nilikuwa karani tu wa baraza la mji, kazi yangu kuandika vibali vya ujenzi kwenye daftari kubwa. Siku moja ikaja barua ya kutaka mtu aende Unguja akasomeshwe namna ya kuzuia udongo usiporomoke kwenye viwanja vya ujenzi. Aliyestahili kwenda ni mkubwa wangu, lakini wiki ile alikuwa anaozesha, akatafutwa mtu asiye na shughuli. Tukasomeshwa wiki nzima ndani ya ukumbi wenye viyoyozi na sakafu ya vigae, bila punje ya udongo hata ya kuonyeshea. Somo la kitambaa cha kuzuia tope tulilipata kwa picha: kitambaa cheusi kimenyooshwa kwenye vigingi, chini kimefukiwa, na nyuma yake nyumba nzuri ya nchi za watu. Picha ile ilipigwa kwenye uwanda mtupu, huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Hakuna aliyeuliza. Saa ya chai ilikuwa imekaribia.

Nikarudi Pemba na cheti, kofia, mabuti ya mpira na ubao wa kubania karatasi. Pia nikarudi na fomu yenye maswali kumi na manne, ya kujibu ndiyo au hapana. Niliipenda ile fomu kuliko nilivyopaswa kuipenda karatasi.

Jengo langu la kwanza lilikuwa ofisi ya ghorofa mbili, ya idara ambayo sitaitaja, juu ya kilima kisicho mbali na Tibirinzi. Katapila lilikuwa limekikwangua kilima kile mpaka kikabaki kidonda, na udongo wote mwekundu ukalundikwa upande wa bondeni, lundo refu kumshinda mtu. Chini ya lundo lile, pale bonde linapoanza, ndipo lilipokuwa konde la mpunga la mama yangu.

Lazima niseme kidogo juu ya mpunga huo, maana wenzangu wa baraza hawakuwahi kuuelewa. Haukuwa mpunga wa dukani. Ilikuwa mbegu yenye ganda jekundu ambayo mama aliirithi kwa mamake, naye kwa mamake, na kila mwaka walikuwa wakitenga pishi kadhaa za kupandia kabla mtu hajaonja hata wali wa kwanza. Majirani zamani walikuwa nayo, wakaiacha kwa ajili ya mbegu za kisasa zinazowahi kuiva. Mama aliendelea. Msimu uliotangulia ndege walimlia vibaya, akabakiwa na kikapu kimoja tu. Kwa hiyo mwaka ule aliatika yote ichipue, kisha akaipandikiza yote kwa mkono wake, mche mmoja mmoja, ameinama tangu asubuhi. Hakubakisha hata konzi moja ndani. Ikiharibika ile iliyoko bondeni, mbegu imekwisha duniani, au kwa uchache imekwisha katika dunia yetu.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Kililetwa kwa gari, kimekunjwa vizuri, roli zima. Msimamizi wa ujenzi alikuwa mtu wa Unguja, mwenye heshima zake, ambaye kila tukizungumza alitabasamu kidogo kwa lafudhi yetu. Alikuwa hajawahi kukiona kitambaa kama kile. Kwa adabu ya ugeni akaenda kwa sheha kuuliza kiwekwe wapi.

Sheha wetu alikuwa mzee msafi, kanzu imepigwa pasi hata siku ya kuangua nazi. Jambo moja tu lilimkosesha usingizi katika uongozi wake: wageni kuona kisichofaa kuonekana. Na hapa nataka niwe mkweli, hakuwa na wazimu. Kwetu nyumba haikosi pazia mlangoni. Hata kibanda cha miti na udongo kina pazia, tena la maua. Kitambaa huwekwa upande yanakotokea macho, hiyo ndiyo kazi ya kitambaa, tumezaliwa tukaikuta hivyo. Sheha akakitazama kilima kilivyochubuliwa, akaona aibu tupu, akamwambia msimamizi kiwekwe juu, kando ya barabara, kuanzia mwembe wa kwanza mpaka kwenye lango.

Kikawekwa. Walikinyoosha kwa kamba, wakapigilia boriti za mikoko kila hatua tatu, wakakifukia chini kama nilivyoagiza. Kazi safi kabisa. Ukipita barabarani huoni kifusi wala shimo, unaona ukuta mweusi umetulia. Upande wa bondeni, kwenye lundo, hapakuwekwa hata jani la mgomba.

Siku ya ukaguzi nilipokewa nyumbani kwa sheha kwanza. Huo ndio utaratibu, mkaguzi haendi kwenye kiwanja na njaa. Nililishwa wali wa nazi na pweza, nikaongezwa, nikakataa, nikaongezwa tena. Msimamizi naye alikuwapo, tukazungumzia mpira. Ukishakula namna ile, halafu ukatoka ukaanza kuitia dosari kazi ya mwenyeji, utakuwa umelelewa wapi? Tukapanda kilimani taratibu kwa ajili ya tumbo. Nikasimama barabarani, nikafungua kalamu, nikaanza kuisoma fomu.

"Kizuizi cha udongo kipo?" Kipo. "Kimenyooka?" Kimenyooka. "Kimefukiwa chini?" Kimefukiwa. "Kinaonekana kwa urahisi?" Hilo nililijibu kwa furaha khasa.

"Unaonaje, bwana mkaguzi?" sheha aliuliza.

"Mashaallah," nikasema. "Mzee, hiki ni cha mfano."

Nikatia saini. Kushuka upande wa pili sikushuka. Kulikuwa na matope kidogo, na mabuti yalikuwa mapya.

Mama alikuja nyumbani kwangu siku ya tatu baadaye, alasiri, bado ana udongo kwenye kucha. Nikamsalimu, akaitikia, akakaa kwenye jamvi. Alianza kwa mbali, kama kawaida yake, akauliza habari za wajukuu, akauliza bei ya mafuta ya taa, kisha akaja.

"Mwanangu, n'kuulize. Ule udongo mlouchimba juu ule, nani anauzuia?"

"Kuna kizuizi, mama. Nimekikagua mwenyewe."

"Na miye nimekiona. Mbona kimeelekea njia?"

"Ndivyo kinavyowekwa," nikamwambia. Bado naona haya nikikumbuka sauti niliyoitumia, ile ya kumwelewesha mtoto. "Ni utaalamu huo, mama. Tulisomeshwa."

"Maji ya bonde hayaji na njia. Yanashuka kule nyuma, penye lundo. Miye napita pale kila siku."

"Mama, kimefukiwa chini kabisa."

"Twende basi ukaone, si mbali. Weye una viatu vya kazi."

Nikamwambia nina kikao. Kikao kilikuwepo, sikusema uongo. Kilikuwa cha kupanga mapokezi ya mgeni wa kuweka jiwe la msingi, na muda mwingi tulibishana juu ya rangi ya mapambo.

Mvua ya masika iliyofuata ilianza baada ya sala ya alfajiri na haikukatika mpaka adhuhuri. Ilinyesha kwa kukusudia. Ilipopusa nikavaa mabuti, nikachukua ubao wangu na fomu, nikapanda kilimani kwa ukaguzi wa baada ya mvua, maana swali la kumi na mbili lilitaka hivyo. Nikamkuta sheha ameshafika, ameshika mwavuli, uso umemnawiri.

"Tazama," akaniambia. "Pazia halikutikisika."

Kweli halikutikisika. Kitambaa kilisimama vilevile kando ya barabara, kimeoshwa na mvua, hakina hata doa la tope upande wowote. Sidhani kama pamewahi kuwepo, popote ulimwenguni, kitambaa cha kuzuia tope kilichokuwa kisafi namna ile. Msimamizi alikuja akasimama karibu yetu, akakitazama, halafu akatazama nyuma kule lundo lilikokuwa. Sasa palikuwa na nafasi. Ungeweza kuliona bonde lote bila kizuizi. Alitaka kusema neno, akaona watu wazima wamefurahi, akarudi kwa mafundi wake.

Mimi nikashuka. Niliteleza mara mbili, na mabuti yakapata ubatizo wake wa kwanza.

Wanawake wa bonde walikuwa wamesimama kwenye tuta, kanga zimepandishwa magotini. Udongo mwekundu ulikuwa umetandaa kuanzia mguu wa kilima mpaka kwenye mtaro, sawasawa, laini, umetulia. Makonde ya mbali yaliguswa pembeni tu. Konde la mama lilikuwa la kwanza kutoka kilimani, na hapakuonekana hata ncha moja ya jani. Mama mwenyewe alikuwa katikati yake, ameinama, anachimbua kwa vidole. Alitoa mche mmoja, akausuuza kwenye maji yaliyokuwa mekundu kama udongo wenyewe, akautazama, umevunjika shingo. Akachimbua mwengine. Nilimwita. Nikaingia topeni mpaka nikamfikia.

Nikasema la kijinga. "Mama, kizuizi hakikuanguka."

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaunyooshea kidole ubao wangu. "Ndiyo hiyo karatasi?"

"Ndiyo."

Mama alisoma chuoni, Kurani anaisoma bila kukwama, lakini hati hizi za skuli hakuwahi kushughulika nazo. "Nisomee," akasema.

Nikamsomea pale pale, tumezama mpaka kwenye vifundo. Kizuizi kipo, ndiyo. Kimenyooka, ndiyo. Kimefukiwa, ndiyo. Kinaonekana kwa urahisi, ndiyo. Wanawake wa kwenye tuta walikuwa wanasikiliza. Nilimsomea yote kumi na manne, mpaka swali la kofia za wafanyakazi, na kila nilipofika kwenye ndiyo sauti ilipungua.

"Basi nisomee na pale walipouliza kama kinazuia," mama akasema.

Nikaipitia karatasi tangu juu. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Hawakuuliza, mama."

"Na weye hukuuliza."

Akarudi kuinama. Nikabana karatasi yangu, nikainama pembeni yake, tukachimbua mpaka alasiri. Miche tuliyoipata mizima aliihamishia kwenye kipembe cha konde la jirani. Kumi na moja, niliihesabu kwa sababu sikuwa na jengine la kufanya na macho yangu. Ilikauka yote kabla ya mwezi kuandama.

Lililofuata ofisini lingefaa kuchekwa lau ningekuwa na hamu. Kamati ilikaa, ikaandika kwamba kizuizi hakikuathirika na mvua, maneno ambayo ni ya kweli neno kwa neno. Mkubwa wangu akaitoa fomu yangu nakala, ikapelekwa kwenye shehia nyengine ziige. Niliyasema ya bondeni, nikaambiwa bonde ni la watu wa kilimo, niwaandikie wao. Niliwaandikia. Hao nao wakajibu kwamba udongo ulitoka kwenye ujenzi, kwa hiyo tuulizwe sisi. Msimamizi peke yake ndiye aliyefanya kitu: bila kumuuliza mtu, alikihamishia kitambaa upande wa bondeni, kikasimama pale kuulinda udongo ambao ulikwisha kwenda. Sheha alimkasirikia. Sasa kifusi kinaonekana barabarani, na mgeni wa jiwe la msingi yuko njiani. Likaagizwa roli jengine kwa ajili ya barabara, na safari hii likaja upesi.

Jengo lilikwisha. Ni zuri, lina vigae. Kazi ya ukaguzi niliendelea nayo miaka kadhaa, na kila nilipofika mahali nilishuka kwanza upande wa chini kabla ya kuonja chakula cha mtu, nikapata jina la kuwa mtu mwenye kiburi. Fomu niliandika ibadilishwe. Haikubadilishwa. Nilikuwa nikiliongeza swali la kumi na tano kwa kalamu, na ofisini walikuwa wakilikata kwa wino mwekundu kwa kuwa halimo kwenye idadi.

Mama hakulima tena. Alisema konde bila mbegu yake ni tope tu, na tope analo la kutosha. Ndugu walimletea mbegu za kisasa, akazigawa. Akaanza kula mchele wa gunia, ule mweupe wa kutoka nje ya nchi, yeye ambaye zamani alikuwa akiuita chakula cha wasafiri.

Kila Ijumaa nilikwenda kula kwake, na hakuwahi kunilaumu tena kwa maneno. Aliteremsha pazia la mlango kwanza, akalinyoosha vizuri kwa kiganja, tena akihakikisha limeelekea njia. Kisha akaniwekea sahani ya ule wali mweupe mbele yangu, akakaa, akangoja. Nikitaka kutia mkono, alinizuia kidogo.

"Kagua kwanza," alikuwa akisema. "Ukiridhika, tia saini."