Siku Moja Katika Nyumba Ambayo Haijajengwa

Niliondoka Machakos kwa sababu ya nyumba. Nimebakiza miaka miwili nistaafu ualimu, na kadiri siku zinavyokaribia ndivyo ninavyozidi kumwota mama, aliyefariki miaka sita iliyopita. Nyumba yake ya udongo bado imesimama, nje kidogo ya Kimilili. Anayeishi humo ni Nasimiyu, mjane wa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Nilikuwa nimeamua nyumba hiyo ibomolewe, na palepale nijenge ya ghorofa moja, nikaishi huko uzeeni. Nasimiyu ningempa chumba cha nyuma. Sikuwa nimemuuliza. Mke wangu, ambaye kwao ni hapa hapa Machakos, alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema yeye atakuja Krismasi.

Mwenzangu mmoja shuleni alinielekeza kwa ofisi ndogo ya usanifu majengo mjini Kitale. Alisema ni watu wawili tu na wana mambo yao, watanichosha, lakini nyumba zao hazivuji. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilishajichorea mwenyewe kwenye karatasi ya grafu. Vyumba vitano, roshani ya kutazama Mlima Elgon, na nguzo nne mbele ambazo leo nikizikumbuka naona haya.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi Nairobi. Nakuru nilikula, Eldoret nilisinzia. Baada ya Moi's Bridge niliamka bila kuamshwa. Mtu wa huku hahitaji kibao cha kumwambia amefika. Mahindi yanasogea mpaka ukingoni mwa barabara pande zote mbili, hewa inakuwa baridi kidogo, na mlima unajitokeza upande wa magharibi ukiwa na mawingu yake. Nilimlilia mama hapo kuliko siku ya mazishi yake. Jirani yangu wa kiti aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Jumanne asubuhi, Kitale. Ofisi yenyewe ilikuwa ghala la mahindi zamani, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Wameacha matundu ya juu ukutani yaliyokuwa ya kupitisha hewa ili mahindi yasioze, na sasa hewa hiyo hiyo inawapoza wao. Msanifu ni mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Chebet, mzaliwa wa miteremko ya Elgon. Mwenzake ni Barasa, fundi mwashi wa Bungoma, mzee wa kutosha kuwa baba yake. Mlangoni jina la fundi limetangulia la msanifu. Nilipouliza sababu, Chebet alijibu bila kuinua macho kwenye meza yake.

"Mimi nachora. Yeye ndiye anajua kama itasimama."

Aliniambia alifanya kazi Nairobi miaka minane akichora nyumba za watu ambao hakuwahi kuwaona. Siku moja alipita karibu na nyumba aliyoichora, akakuta mwenyewe ameziba dirisha kubwa kwa mabati kwa sababu jua la saa tisa lilikuwa linampiga usoni akiwa mezani. Aliacha kazi mwaka huo. Barasa yeye hakueleza mengi. Alinionyesha rafu yenye mikebe ya udongo, kila mkebe umetoka kwenye kiwanja walichojenga. Wanafyatua matofali kwa udongo wa pale pale, wanauchanganya na saruji kidogo, wanayabana kwa mashine ya mkono na kuyaanika kivulini. Hawachomi tofali, maana kuni za kuchomea ni miti ya mtu. Paa wanalitokeza mbele sana, kwa vile mvua ya huku huja mshazari.

Nikatandaza grafu yangu. Barasa aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Na huyu mtu atakula wapi?"

"Kuna chumba cha kulia hapo, kushoto."

"Hiyo nimeona, mwalimu. Mimi nauliza atakula wapi."

Sikumwelewa, na nilikasirika kidogo, maana grafu ile ilikuwa imenichukua likizo nzima. Chebet akanieleza utaratibu wao. Hawachori mstari hata mmoja kabla mwenye nyumba hajasimama kwenye kiwanja na kuwasimulia siku moja, tangu anapoamka mpaka anapolala, akitembea mahali anapodhani kila jambo litafanyika. Asiyetaka wanamwelekeza kwa wasanifu wengine mjini, bila ugomvi.

Jumatano tuliondoka na pikapu yao, Barasa akiendesha. Tulipita Kiminini, tukakata Kamukuywa kuelekea Kimilili. Nyuma kulikuwa na gunia la magunzi, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa. Kila unaposimama kufanya jambo katika siku yako, Barasa anachomeka gunzi ardhini. Alisema vigingi vya mbao huibwa, lakini hakuna mtu Trans-Nzoia au Bungoma anayeweza kuiba gunzi.

Nasimiyu alitupokea mlangoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Mulamwa, umekonda bana. Huko Machakos hamkulangi?"

Mulamwa ndivyo tunavyoitana mashemeji kwetu. Alituandalia chai na viazi vitamu, akakaa mbali kidogo na sisi. Nilimwona akilitazama lile gunia.

Saa tano nilisimama katikati ya uwanja na kuanza siku yangu. Naamka hapa, nikasema, ghorofani. Barasa akachomeka gunzi la kwanza. Nakunywa chai hapa nikitazama mlima. Gunzi. Natembea hadi Kimilili kununua gazeti, narudi, nalisoma hapa barazani. Gunzi la tatu.

"Ni saa ngapi sasa katika siku yako?" Chebet akauliza.

"Saa nne hivi. Saa nne na nusu."

"Halafu?"

Nikatafuta. Sina ng'ombe, sina shamba ninalojua mipaka yake, wenzangu wa shule ya msingi nusu wamekufa. Nilihisi jasho kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikaelekea upande wa jiko la zamani, mdomo ukajisemea wenyewe.

"Halafu naenda kukaa na mama."

Barasa alikuwa ameinama tayari na gunzi mkononi. Hakulirudisha guniani. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, "Nimweke wapi, mwalimu?"

Nikaonyesha mlango wa jiko. Ndipo Nasimiyu alipoinuka.

"Hapana, mulamwa. Hapo alikuwa anakaa zamani, ukiwa mdogo. Hii miaka ya mwisho alikuwa anataka nimuwekee kiti hapa kando." Alienda mpaka pembe ya nyumba, upande wa barabara, akasimama. "Ati kwa jikoni haoni magari. Nilimwambia, si mtoto wako atapiga simu kwanza? Akasema kuna siku anaweza kuja bila kupiga."

Sikuwahi kwenda bila kupiga simu. Kwa kweli nilikwenda mara chache sana, na kila mara nilikuwa na tarehe ya kuondoka mfukoni. Barasa alichomeka gunzi pale kwenye pembe. Nililia mbele ya watu wawili niliowajua tangu jana, wala sikusingizia vumbi.

Mchana, tulipokwisha kula, Chebet alimwomba Nasimiyu naye asimulie siku yake. Alikataa mara mbili, akasema yeye si mwenye nyumba. Kisha akaanza. Anaamka saa kumi na moja, anafungua kuku hapa, anakamua hapa, anawapimia majirani maziwa hapa. Jua likija anahamia huku kuchambua maharagwe, likizunguka anahama tena. Wanawake wa kanisani wanakaa pale Ijumaa. Mvua ikianza anasogeza kuni hapa. Barasa alimfuata akiinama na kuinuka mpaka akashika kiuno, na gunia likalegea. Ukisimama mlangoni uliona magunzi yake yameizunguka nyumba ya mama pande zote, na yangu matatu ya kwanza yamejikalia peke yao.

Nilimwita Nasimiyu kando, nikamwambia nilichokuwa nimepanga.

"Nilijua," akasema. "Si uliniambia kwa simu nisipande maharagwe huko mbele? Hiyo siku nikajua. Nimeshaona chumba cha kukodi Kimilili. Ni kizuri, lakini kuku haziruhusiwi."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Nilikunja grafu yangu, nikamwambia amjulishe mwenye chumba hicho kwamba hahami tena. Tukarudi kwa Chebet pamoja, nikamwambia mwenye nyumba ni huyu, amchoree yeye.

Alhamisi Barasa alinipeleka Bungoma nikapande basi la kurudi. Kabla ya kufika mjini alisimamisha gari mbele ya nyumba moja waliyoijenga, ya mama mmoja mshona nguo. Dirisha lilikuwa chini mno, nikadhani wamekosea vipimo. Akasema mwenyewe hushonea kwenye kigoda, kwa hiyo mwanga unamfika mikononi. Nilimuuliza kama wateja wengine hulia kwenye viwanja vyao.

"Wengi tu," akasema. "Mtu anataka kurudi, na anafikiria ni mawe ndiyo yanakosekana."

Wiki tatu baadaye, Machakos, nilipata mchoro. Nyumba ya mama imebaki, imetiwa msingi mpya na paa lililotokeza. Jiko limehamishiwa linakopita jua la asubuhi, na kwenye pembe ya barabarani kuna baraza pana. Kando kuna chumba kimoja kilichochorwa kwa nukta, na chini yake Chebet ameandika: "Hiki ni chako, lakini bado hakina siku. Tukijenge?"

Nilimjibu wasubiri. Safari hii imenifundisha kwamba nilikuwa najijengea mahali pa kumkuta mtu ambaye alishachoka kuningoja, na hilo halijengeki. Lakini Nasimiyu yupo, ng'ombe wapo, na mimi bado nina mikono. Shule zikifunga nitakwenda. Atanitandikia godoro sebuleni, na amesema kukamua nitajifunza nitake nisitake.

"Utakaa siku ngapi?" akaniuliza kwa simu, kama anavyouliza kila mara, ili ajue unga wa kusaga.

Nikamwambia asage mwingi.