Mwosha Maiti Aliyeomba Kazi ya Kupima Nyumba

Kodi mpya ya majengo ilikuwa imekamilika kwenye karatasi. Waliokosekana ni watu wa kuipeleka mitaani. Mimi na mkuu wangu tukatumwa kutoka Jinja kwenda Mbale kutafuta wapimaji kumi na wawili, watakaoingia nyumba hadi nyumba wakihesabu vyumba. Nilitoka kwangu Mafubira, pembeni mwa Jinja, nimenuna. Mbale ndiko nilikozaliwa, na kuwarudia majirani zako ukiwa mtu wa kodi si jambo la kuchekea.

Vijana wenye diploma walikuja wamejipiga pasi mpaka soksi. Tukawapeleka mtaa mmoja wa Industrial Division, hapo hapo Mbale, kwa majaribio. Walibisha mageti wakaambiwa mwenye nyumba kasafiri. Mmoja alirudi na nyumba mbili, mwingine na suruali iliyoraruliwa na mbwa. Nilicheka, kusema kweli.

Kisha akaenda mama mmoja wa makamo, mjukuu wa askari waliokuja zamani kutoka Sudani. Alikuwa ameishia kidato cha pili, na fomu yake niliiweka chini kabisa. Alipiga hodi, akangoja, akavua viatu, akaingia. Hadi adhuhuri alikuwa na nyumba kumi na moja, kila moja imepimwa mpaka choo. Nilizipima upya tatu nikitafuta kosa, maana mimi nina roho hiyo. Sikulipata, nikabaki nimeshika tepu mkononi nikimshangaa.

Mkuu hakuelewa kwa nini milango ilimfungukia. Mimi nilielewa. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa ule wakifa, ni yeye anayewaosha. Mwaka uliopita alimwosha mama yangu.

Nafasi ilikuwa imebaki moja; nyingine mkuu alikwisha kuwagawia wenye diploma. Alituambia wazi kwamba anaihitaji: mumewe amelala kitandani tangu apate kiharusi, na kuosha wafu ni kwa ajili ya thawabu, halipwi.

"Mama, wewe naingia hizi nyumba zote," mkuu akamwambia. "Tuambie sasa, nani iko na vyumba vya wapangaji huko nyuma, havionekani barabarani? Ukisema, kazi ni yako."

Nyumba ya mama yangu ina vyumba vinne vya nyuma ambavyo havimo kwenye orodha yoyote. Siku ya msiba sebule ilijaa watu, mpangaji mmoja wa nyuma akatoa chumba chake na kitanda, mama akaoshewa humo. Mimi nilisimama nje ya pazia nikipitisha ndoo za maji. Mwosha huyu alivijua vyumba vile vyote.

"Bwana," akasema, "ile mimi naona siku ya msiba, hiyo si ya ofisi. Nipe kazi, nitapiga hodi, nitauliza. Kama wananificha, nitarudi kuuliza tena."

"Basi hakuna kazi," mkuu akasema, akafunika kalamu.

Aliinuka, akajitanda mtandio wake vizuri. Hakunitupia jicho hata mara moja, na kule kutonitazama kuliniingia mwilini. Nimekaa na wasomi, nimekaa na mashehe, lakini sikuwahi kuona mtu akiacha riziki yake mezani ili siri ya mwenzake isimtoke. Nilistaajabu. Na niliona haya.

"Afande, ngoja," nikasema. Ndivyo tulivyomwita mkuu, ingawa bunduki hajawahi kuishika. Nikamtajia nyumba, mtaa, na vyumba vinne vya nyuma. "Ilikuwa ya marehemu mama yangu, sasa ni yangu. Huyu mama aliingia mpaka ndani."

Mkuu akamgeukia yeye. "Ni kweli, mama? Iko vyumba vinne?"

"Hiyo nyumba mimi bado sijapima," akajibu.

Mkuu akafunua kalamu, akaliandika jina lake kwenye nafasi iliyobaki, na mbele ya jina, kwa kazi ya kesho asubuhi, akaandika nyumba yangu.