Kichwa cha Kifaru na Paa la Kihenge

Watu wakisikia kwamba nilikwenda Burma na jeshi la Waingereza, huniuliza niliua wangapi. Nikiwaambia kwamba nilikuwa dereva wa lori la chakula, na kwamba bunduki yangu ilipiga zaidi makopo matupu, nyuso zao hushuka na mazungumzo huhamia kwenye bei ya mahindi. Sina hadithi ya kuua. Nina hadithi ya kichwa cha kifaru, na hiyo nayo wengi hawaiamini, kwa sababu wanadhani chuma kizito namna ile lazima kiwe kimefungwa kwa bolti. Hakijafungwa. Nimebishana juu ya jambo hili vibarazani Sumbawanga mpaka nikaitwa mwongo mbele ya watoto wangu, na bado nasema hakijafungwa.

Kifaru cha vita kina kiwiliwili kinachotembea kwa minyororo, na juu yake kuna kichwa chenye mzinga. Kichwa hicho huzunguka ili mzinga utazame kila upande. Sasa kitu kinachozunguka utakifungaje? Kimekalishwa tu juu ya duara la gololi za chuma, na kinachokituliza pale ni uzito wake chenyewe. Sajenti mmoja Mzungu, fundi wa karakana yetu, alinionyesha siku waliponyanyua kimoja kwa winchi. Kandokando viko vikulabu vichache vya kukizuia kisiruke kikipigwa, akasema, lakini kifaru kikilala minyororo juu, usivitegemee. Nilimwuliza maswali mpaka akachoka, maana tangu utotoni nikiona kitu nataka kujua kimeshikwa na nini.

Jioni ile nilimsimulia rafiki yangu. Yeye alitoka Msanzi, mtoto wa wakulima, Mkatoliki wa rozari shingoni. Mimi nilizaliwa Sumbawanga mjini katika nyumba ya Waislamu wafanyabiashara; baba alikuwa na duka na lori moja lililokwenda Kirando kuchukua dagaa. Tuliandikishwa siku moja tukashikamana. Aliniita mtoto wa duka, akisema kwamba mimi nadhani ulezi huota ndani ya gunia. Mimi nilimwambia kwamba kiatu alikiona kwanza jeshini, na siku ya kwanza alikivaa kushoto kulia. Hakuna aliyekasirika. Mtu akiwa mbali na kwao, anayemtania vizuri ndiye ndugu.

Nilipomaliza kumweleza habari za gololi na uzito, alicheka.

"Kumbe ni kihenge," akasema.

Ilibidi anieleze, kwa sababu vihenge nilikuwa nikiviona barabarani tu. Kihenge cha kwao ni ghala la kufumwa kwa fito na kukandikwa udongo, limesimama juu ya miguu ya miti, na ndani mna ulezi wa mwaka mzima. Paa lake la nyasi halifungwi. Mama mwenye nyumba hulinyanyua upande mmoja, akalitegemeza kwa mti, akachota, akalishusha. Kijijini kwao kulifunga kwa kamba ilikuwa aibu, kana kwamba unawaambia majirani kuwa ni wezi. Lakini uwanda wa Ufipa una upepo, na kiangazi upepo huo hauna adabu. Basi kila mtoto wa nyumba ile alifundishwa na mama yake jambo moja kabla hajajua hata kusali: upepo ukivuma, acha unachofanya, kimbia, panda ngazi, lilalie paa kwa kifua upande unaoinuka, na usiliachie mpaka mtu mzima aje. Mwaka mmoja paa lilikwenda, mvua isiyo ya msimu ikanyesha, ulezi ukaota humo humo ndani, na walikula mizizi ya porini mpaka mavuno. Alinisimulia hayo akicheka, lakini niliona kwamba ile njaa alikuwa bado anaikumbuka vizuri.

Ajali ilitokea wakati wa mvua. Barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, matope matupu, na lori langu lilikuwa limezama hadi ekseli. Tuliliacha. Tulikuwa askari wanne, mimi, yeye na wengine wawili, tukaruhusiwa kupanda mgongoni mwa kifaru kilichokuwa kinakwenda mbele. Hatukwenda mbali. Ukingo wa barabara ukaanza kumeguka.

Watu hudhani ajali ni kufumba na kufumbua. Ile haikuwa hivyo. Kifaru kiliinama polepole, kikasita, kikainama tena. Sisi watatu tuliruka upande wa mlima tukaangukia matopeni. Nilipogeuka nikamwona yeye bado yuko juu. Alikuwa amekigeukia kile kichwa, ametandaza mikono, amekilalia kwa kifua upande uliokuwa unainuka. Nilimpigia kelele aruke. Alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye ninayezembea kazini, akasema kwa Kifipa, na nilimsikia vizuri kabisa, "Njoo ushike huku!"

Sikwenda. Kifaru kilipinduka mara moja kuelekea bondeni, kichwa kikang'oka kwenye gololi zake kikaporomoka peke yake, naye alikuwa chini yake. Waliokuwa ndani walitolewa wamevunjika mifupa, lakini hai. Rafiki yangu tulimzika kando ya barabara ile, na padri wa jeshi alisoma haraka kwa sababu magari yalikuwa yanasubiri.

Vita vilipokwisha nikarudi nyumbani, na wiki ya pili nikaomba lori la baba nikaenda Msanzi. Mama yake alikuwa ameshapata barua ya serikali, katekista akamsomea. Barua ilisema amekufa vitani, basi. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa togwa, akangoja. Nami nikamdanganya. Nilimwambia kwamba ilikuwa risasi, kwamba hakusikia maumivu. Nilijiambia namwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilijionea huruma mwenyewe, maana nilipokuwa nasema nilikiona kihenge mlangoni pake, na mbele ya paa lile sikuthubutu kusema mengine. Alinishukuru sana, na shukrani zile ziliniuma kuliko tusi.

Uongo wangu haukudumu. Mmoja wa wale wawili tulioruka nao alikuwa wa kijiji cha jirani, naye aliporudi alisimulia kilabuni yale aliyoyaona. Hapakuwa na risasi, alisema. Kifaru kiliinama, wenye akili wakaruka, huyu akabaki amekikumbatia. Hakutia chumvi, ndivyo ilivyokuwa kwa macho yake. Lakini wasikilizaji walikuwa na vyungu vya pombe mbele yao, wakatafuta maana, na maana iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ile ya kwenye vyungu. Mtu anayekumbatia chuma kinachopinduka, wakasema, alikuwa amelewa chakari.

Nilipata habari hizo kutoka kwa mama mwenyewe. Alikuja mjini kwa miguu, njia ya siku mbili, akaingia dukani mchana nikiwa napima chumvi, na kikapu cha ulezi kichwani kuwa zawadi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba, lakini kigoda nilichompa hakukikalia. Aliongea Kifipa, taratibu, ili nisikose neno.

"Mwanangu, kaka wa rafiki yako amepata mtoto wa kiume. Nataka aitwe jina la baba yake mdogo, lisipotee. Wazee wa ukoo wamekataa. Wanasema jina la mlevi aliyekufa kilevi halirithishwi, litamharibu mtoto. Wewe uliniambia risasi. Yule mwingine anasema kifaru. Wewe hunywi pombe, dini yako hairuhusu. Mtu asiyekunywa huisikia harufu kwa mwenzake hata akiwa mbali. Niambie, alikuwa amelewa?"

"Hakuonja hata tone, mama."

"Basi kwa nini wenzake waliruka yeye asiruke?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimebanwa. Ningeweza kusema mguu wake ulinaswa. Uongo huo ulikuja mwepesi, ukakaa kabisa kwenye ulimi. Lakini mwenzangu wa kijiji cha jirani angeupinga, na mama angebaki na mwongo mmoja dukani na mlevi mmoja kaburini. Nilimwomba akae, safari hii akakaa. Nikamweleza yote: gololi, uzito, vikulabu visivyotegemewa, jinsi mwanawe alivyosema "kumbe ni kihenge," jinsi alivyolalia upande uliokuwa unainuka. Sikumficha hata lile neno la mwisho.

Mteja aliingia, akatutazama, akatoka.

"Alikuita ukashike," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda?"

"Sikwenda."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Sikujua analaumu au anakubali, na mpaka leo sijui. Kisha akasema nimpeleke nyumbani kwa lori, na njiani hatukuzungumza ila aliponionya kwamba daraja la mbele limeoza.

Wazee wa ukoo aliowaita walikusanyika uani kwake kesho yake asubuhi, wanaume sita na wake zao nyuma yao, na yule mwenzangu wa jeshi naye aliitwa. Mimi nilitakiwa nianze. Nilieleza habari za kifaru kwa Kifipa changu cha dukani, na nilipofika mahali pa kusema kwamba kichwa hakijafungwa, mzee mmoja alicheka kama wanavyocheka vibarazani mjini.

"Kijana, Mzungu atengeneze chuma cha kwenda vitani, asahau kukifunga?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, kwa kuwa katika jambo hili sina subira. Mama alinitangulia.

"Hata wewe paa la kihenge chako hujalifunga," akamwambia. "Unachota kila siku. Utalifungaje?"

Mzee akageuka kukitazama kihenge kilichokuwa mlangoni. Hata wengine walikigeukia. Katika maisha yangu yote hakuna baraza iliyoelewa habari ya gololi na uzito upesi namna ile. Nikaendelea mpaka nikafika kwenye kile kitendo cha kulala kwa kifua upande unaoinuka, nikaona wanawake waliokaa nyuma wameanza kutazamana. Mmoja alijifunika uso kwa kanga. Walikuwa wameshaelewa kabla sijamaliza, kwa sababu wao ndio huwafundisha watoto. Yule mwenzangu wa jeshi aliinamisha kichwa akasema kwamba ndiyo, ni kweli, alikilalia kwa kifua, ila yeye hakujua ni kwa nini. Kwao walikuwa wakihifadhi ulezi ndani ya nyumba.

Mzee yule wa kwanza alikohoa. Nadhani alitaka kusaidia, kuyapunguza makali. Alisema kwamba basi si pombe, ni bahati mbaya tu ya marehemu, jeshini mtu huchanganyikiwa, tuyaache yapite, jina litafikiriwa siku nyingine. Niliona pale mlango wa kumtoa mama asiguswe na jambo lile. Kila mtu aliuona. Angeinamisha tu kichwa, ingekwisha.

Alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na mikono yake ilikuwa na vumbi la unga kwa sababu alikuwa ametupikia kabla ya kikao.

"Mwanangu hakuchanganyikiwa," akasema. "Alijua anachofanya. Alikuwa na miaka minne nilipomfundisha, na siku moja aliachia, nikamchapa kwa fimbo mbele ya wenzake. Nilimwambia: hata ukiogopa, hata wengine wakikimbia, wewe usiachie. Hakuachia tena. Mnatafuta kilichomuua, ni mimi, si pombe. Sasa mpeni mtoto jina."

Mkwewe, mama wa mtoto, alinyanyuka kutoka nyuma, akamleta mtoto, akamweka mikononi mwa yule mzee aliyecheka. Wakampa jina asubuhi ile ile, kabla chakula hakijapoa.