Kabla Hujafuta Mapigo ya Moyo

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii yangu ya zamani, kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka. Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi tu, najiona najua kupima mawimbi ya ubongo kuliko mashine yenyewe. Akaingia Nyamizi kwenye chumba chetu cha vipimo hospitalini, mke wa mtu kutoka Usinge, peke yake, kanga imejaa vumbi la safari. Alikuwa akianguka na kuzimia. Mama mkwe alikwisha kumwondoa jikoni, maana kwetu mwenye kifafa hasogezwi motoni. Chakula alisukumiwa mlangoni, akala peke yake. Lilibaki neno letu tu: tukisema ni kifafa, arudishwe kwao.

Nikambandika nyaya kichwani na masikioni. Kwenye mawimbi zikajitokeza ncha kali, zinajirudia. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba kifafa nimekipata.

Bi Salma, mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Gongoni asiyejua kubembeleza, akachungulia.

“Waya wa moyo umefunga?”

“Bado, mama. Nilidhani…”

“Usidhani. Funga.”

Nikafunga mkononi. Kila ncha ikasimama sambamba na pigo la moyo. Aibu iliyoje! Umeme wa moyo ulikuwa umepanda hadi kwenye nyaya za masikioni ukajichora humo. Nikakimbilia kompyuta niufute, mawimbi ya ubongo yabaki peke yake.

“Mbona una papara? Utazame kwanza.”

Nikautazama. Moyo ulikwenda, ukasita, ukanyamaza hadi nikaogopa, kisha ukaendelea. Nilipouondoa, ubongo ulikuwa salama. Kumbe mgonjwa ni moyo, ndio huo niliotaka kuufuta.

Bi Salma akaketi kitandani, akamweleza Nyamizi kwamba halionekani tatizo la kifafa, ila moyo unasita, na daktari atampeleka hospitali kubwa.

Nyamizi akauliza taratibu, “Kwa hiyo nitakula na wenzangu?”

Nililia mbele ya mgonjwa, wala sikuona haya.

Sasa naishi Itetemia, wanangu wa kuzaa wote wako Dar, nala peke yangu, na swali lile nalielewa kuliko siku ile.

Basi nisikilize, mwanangu. Mashine zenu hufuta mapigo ya moyo kwa kufumba na kufumbua. Yafuteni, ndiyo kazi. Lakini funga waya wa moyo kwanza, uusome, ndipo ufute. Na usimpe mtu jina la ugonjwa kwa kudhani, maana wewe utakwenda nyumbani, yeye ataishi nalo. Mungu akupe mkono usio na papara, na akujalie watu wa kula nao hadi uzeeni.