Biskuti za Mama Gibson

Jirani yangu Felicitas huoka biskuti za Krismasi kwa jiko la mkaa: mchanga ndani ya sufuria kubwa, trei ya biskuti juu ya mchanga, kisha mfuniko wenye makaa. Ukibanduka kidogo tu, zimeungua.

Jumamosi hii hakubanduka, na bado moshi ulijaa uani. Nikatoka nimefura, maana nguo zangu zilikuwa kwenye kamba.

"Mama Gibson, huoni zinaungua?"

"Naziona."

"Sasa si uepue!"

Akaongeza makaa juu ya mfuniko.

Hapo hasira ikanitoka. Gibson, mwanawe wa pekee, alipendaga zilizoungua tu. Utotoni alikuwa akinusa ule moshi, hata awe katikati ya mpira, anakuja mbio. Tangu Pasaka hajarudi, simu haipatikani. Mama yake ameshamtafuta polisi, hospitali, mpaka mochwari.

Nikaziacha nguo palepale kwenye kamba, nikachukua mfuniko wa ndoo, nikaanza kuupepea ule moshi uelekee barabarani.