Jagi na Beseni la Mama Yoeli

Harufu ya mabuti yaliyoloa theluji, ikichanganyika na chai ya tangawizi, hunitia hasira mpaka leo. Ndivyo ulivyonukia ukumbi wa shule ambao kanisa letu la Kiswahili lilikodi kule Scarborough, ughaibuni, majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Baada ya ibada watu wazima waliketi kwenye viti vya kukunja wakisubiri pilau, nami nikapita mbele yao na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, nikiwanawisha mikono. Mabomba yalikuwepo, mlango wa pili tu. Mama Yoeli, mwalimu wetu wa kipaimara, hakutaka kusikia habari za mabomba. Alisema tabia ya Kikristo haijengwi kwa kukariri aya, hujengwa kwa kuwainamia wenzako, na asiyejua kuhudumu asahau kipaimara. Maneno mazuri. Ajabu ni kwamba waliohitaji kujengwa tabia tulikuwa sisi watoto wa maghorofa ya wapangaji maskini tu. Binti wa mzee wa kanisa yeye alikuwa ameshajengeka, amekaa pembeni anakula sambusa.

Kipaimara kile nilikitaka kufa na kupona, maana mama yangu alikuwa akikisubiri kuliko mimi. Gauni jeupe alishalishona. Mama alifanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani, na Jumapili alikuja ibadani moja kwa moja kwa basi, sare ya kazini ikiwa chini ya koti. Mahubiri yakianza tu, usingizi unamchukua. "Wengine kanisa wamelifanya gesti," Mama Yoeli alikuwa akisema, kwa sauti ya kutosha kusikika. Mama hakuwahi kumjibu, na mimi nilimchukia Mama Yoeli kwa niaba yetu sote wawili.

Jumapili moja niliona mikono ya mama. Baridi na sabuni vilikuwa vimeipasua mpaka inatoka damu kwenye viungo vya vidole. Nikaipita safu ya wazee wa kanisa, nikaenda kumnawisha yeye kwanza. Mama Yoeli alinifuata, akaninyang'anya jagi mbele ya watu wote. "Wazee kwanza. Mama yako si mgeni hapa. Na kwa tabia hii, kipaimara usahau." Nilitamani kummwagia beseni zima usoni, na nasema hivyo bila haya.

Mama akainuka. Akalichukua jagi taratibu kutoka mkononi mwa Mama Yoeli.

"Kaa, dada, nikunawishe."

"Mimi nimeshanawa."

"Kaa tu."

Akakaa. Angekataaje, na somo lilikuwa lake? Mimi nikashika beseni. Mama alimnawisha kama alivyowaosha wazee wake kazini, viganja, kati ya vidole, chini ya kucha, kisha akamfuta kwa kitenge chake. Hakutabasamu hata kidogo. "Kazi hii naifanya usiku kucha," akamwambia. "Mwanangu ananiona." Kisha akaendelea na safu nzima, na mikono yake ile ile iliyopasuka. Ndipo pilau ikapakuliwa. Pasaka nilipata kipaimara, na hakuna aliyegusia tena habari ile.

Siku hizi kanisa lina jengo lake, na mlangoni kuna chupa ya dawa ya mikono, kila mtu anajibonyezea mwenyewe. Mama alishatangulia mbele za haki. Mama Yoeli bado yupo, anatembea akiegemea kigari cha wazee cha kusukuma. Jumapili iliyopita, tukinywa chai baada ya ibada, alinishika mkono akamwambia mchungaji mpya, binti yangu akisikia, "Huyu tabia yake nimeijenga mimi." Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini vidole vyake vilitetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani, na mezani hakuna aliyejisumbua. Nikavuta kiti, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza. Sikutabasamu hata kidogo. Natumaini alimkumbuka aliyenifundisha, yule aliyemnawisha siku ile.