Rangi Yake ya Zamani

Leo nasimulia nikicheka, ila siku ile pale Mbale ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Nilitoka Voi nikiwa taniboi wa lori, tukapanda na nchi mpaka Malaba, tukavuka kuingia Uganda, ekseli ikakatikia Jinja, dereva akarudi kutafuta spea na mimi (mguu wangu haujawahi kutulia popote, ila Jinja ilinishika) nikabaki nikiuza samaki ufukoni Masese. Mfukoni nilikuwa na senti tatu za enzi ya mkoloni, za shaba, zenye tundu katikati, nyeusi tii, alizoniachia babu. Mara nizitunze, mara niwauzie watalii, mpaka nikampenda Nambozo, msichana wa Mbale.

Baba yake, askari mstaafu aliyejenga chini ya mlima Wanale, alisikia habari za senti hizo akanipigia simu (kwake kila mtu ni afande).

"Afande, ukikuja kwetu, leta hiyo senti. Lakini mimi nataka langi yake ya zamani!"

Nikawaza, rangi yake ya zamani ni ipi kama si ile ya kiwandani? Nikachukua ndimu, majivu na mchanga wa ziwani, nikasugua mpaka zikang'aa kama pete za harusi (maandishi yalifutika, sikujali).

Siku ya kujitambulisha kwao ua ulijaa wageni. Nikazitoa kwa madaha, nikazipanga kwenye sahani. Shangazi wa Nambozo akainua moja, akanichungulia kupitia lile tundu.

"Bwana, hii si washa ya bolti?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama, nikaapa, nikaeleza habari za babu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na tapeli, mpaka jirani mmoja wa bodaboda akachukua moja akaivisha kwenye bolti ya pikipiki yake, na (laana gani ile!) ikaingia barabara.

"Mukwe ametuletea spea!" akapiga kelele.

Mzee peke yake hakucheka. Aliichomoa ile senti kwenye bolti, akaigeuzageuza.

"Mama yangu alikuwa navaa hii kiunoni," akasema. "Ilikuwa nyeusi juu ya mikono ya watu waliishika. Wewe umeosha watu wote."

Ndipo nikaviona vidole vya babu, vyenye ugoro, vikizihesabu zile senti barazani kwetu, nikajua nimemwosha na yeye.

"Sasa enda nayo," mzee akasema. "Langi ikirudi, na wewe rudi, tutaongea mambo ya musichana."

Nikangoja. Nilizishika kutwa kucha, kwa mikono ya samaki, kwa mikono ya jasho, lakini shaba haina haraka, na Nambozo hakuwa shaba. Siku niliyosikia ameolewa huko Sironko niliuza mizani yangu, nikadandia lori la kwenda Malaba, na Uganda sijaikanyaga tena.

Tangu hapo kitu cha mtu sikisugui. Hata sufuria ya kuazima nairudisha na masizi yake. Majirani wananiita mchafu, waache waniite.